Bahari Ikishikwa na Homa

Wahenga walinena: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Joto la bahari likizidi kawaida ya kaskazi kwa digrii moja tu, sisi twaliona dogo. Kwa matumbawe, likidumu majuma kadhaa, ni msiba: hugeuka meupe, na mengi hufa. Hayo yaliifika pwani yetu mwaka 1998, kisha 2016, na tena 2024.

Tumbawe lifapo, changu na tafi hukosa maskani, na hapo ndipo jambo hili linapoingia jikoni. Mbajuni wa Faza au Kiwayuu mwenye mashua ndogo hawezi kuwafuata samaki maji makuu wakati wa kusi. Samaki ndiye kitoweo chake: humjenga mtoto, na mafuta yake huufaa moyo wa mzee. Akiadimika, bei hupanda, na hata futari husalia muhogo na chai ya sukari. Tumbo hujaa, mwili haujengeki. Shibe si siha.

Joto hili halikutoka katika jiko la Mbajuni. Latokana hasa na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa na mataifa makubwa. Mwaka 2019 watu wa Lamu walishinda kesi, kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kikafutwa. Walioilinda bahari wasiachwe peke yao kuilinda sahani. Wanaopima joto la maji, na wapime pia uzito wa watoto wa visiwani.