Tabo Mseto Bila Jedwali ni Kuunguza Injini

Leo naacha kodi kidogo niseme lililonikaa rohoni. Wiki iliyopita binamu yangu alirudi kutoka barabara ya Litein akivutwa na lori la majani chai. Subaru yake ilikuwa na siku 9 tu tangu ifungwe "tabo mseto". Pistoni moja imetoboka. Fundi anasema ni bahati mbaya. Mimi nasema ni hesabu mbaya.

Kwanza tuelewane. Jina hilo linabeba vitu viwili. Mafundi wetu wanamaanisha tabo ya kawaida iliyobadilishwa utumbo: ganda ni lile lile la kiwandani, ila upande wa kuvuta hewa umewekewa feni kubwa zaidi. Nyingine ni ile yenye mota ya umeme kwenye mhimili wake, kama zilizotumika Formula 1 kuanzia 2014 hadi 2025. Anayekuuzia ya kwanza kwa sifa za ya pili ni mwongo.

Hoja yao ni kwamba Kericho iko juu, hewa ni nyepesi, basi tabo kubwa ndiyo dawa. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1918 Sanford Moss aliijaribu injini ya ndege ya Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300. Nguvu za farasi 350 zilishuka hadi 230. Kwa tabo zikapanda hadi 356. Tabo ni dawa ya milima kweli. Lakini dawa ina kipimo.

Piga hesabu nami. Mombasa hewa ina shinikizo la baa 1 hivi. Huku kwetu, takriban mita 2,000, ni baa 0.8. Ukitaka baa 2 kwa jumla ndani ya injini, tabo ya Mombasa inazidisha mara 2, ya Kericho mara 2.5. Feni inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi. Ongeza petroli isiyofikia ile ya okteni 100 ya Japani, injini inaanza kugonga.

Hapa ndipo naingia mimi mtu wa programu. Injini haijui umefunga nini. Kompyuta yake inasoma jedwali: hewa kiasi hiki, petroli kiasi hiki, plagi iwake wakati huu. Feni kubwa ikileta hewa inayopita mwisho wa jedwali, au mwisho wa kipimo cha sensa, kompyuta inabaki kukisia. Injekta za kiwandani nazo zimefika mwisho. Petroli inapungua, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Kwetu sisi, kubadilisha mashine bila kugusa programu huitwa uzembe. Gereji huitwa "kuongeza nguvu".

Na wanaopakia faili walilolishusha mtandaoni, la gari la mtu mwingine, petroli ya nchi nyingine, usawa wa bahari? Hao wananakili kodi wasiyoielewa na kumkabidhi mteja bila kuijaribu.

Sisemi msifunge. Ila kama una pesa za tabo tu, bado huna pesa za tabo. Hesabu pia injekta, pampu ya petroli, intakula, na kupimwa kwa gari huku huku juu. Kisha mwulize fundi: jedwali umeliandikia wapi, kwa petroli gani, na mchanganyiko wa hewa na petroli umeupima? Akisema "wewe endesha tu", chukua ufunguo wako uondoke. Binamu yangu aliambiwa hivyo hivyo.