Mwana Akitaka Kuandika, Kwanza Asome



Miezi michache iliyopita, nilipokuwa nikipanga vitabu vya binti yangu aliye kidato cha pili, nilikuta daftari la hisabati ambalo nusu yake haikuwa hisabati. Ilikuwa hadithi. Nilimkemea kwa kupoteza wakati, nikalifungia daftari kabatini. Usiku, mwenyewe amelala, nililitoa nikalisoma. Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini watu wake wote walikaa katika majumba yenye dereva na mbwa, wakisema kama wasemavyo watu wa tamthilia za televisheni. Hapakuwa na hata mmoja aliyefanana na bibi yake, wala na sisi. Nikatambua kuwa kosa halikuwa lake. Mtoto huandika kwa alichokisoma na kukiona, nasi hatukuwa tumempa cha kusoma ila vitabu vya mtihani.

Asubuhi nilimrudishia daftari, nikamtaka radhi, tukaketi kutunga orodha. Naileta kwenu, kwani nadhani nyumba nyingi zina daftari kama lile.

Tulianza na *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert (1952). Ni kifupi, na lugha yake inajenga. Adili anahusudiwa na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao wanageuzwa manyani. Mwandishi chipukizi atazame jinsi ajabu linavyotangulia, na sababu ikafuata.

Kisha *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohammed Said Abdulla (1960), chenye mpelelezi Bwana Msa. Hapo atajifunza kuficha siri bila ya kumdanganya msomaji.

Cha tatu, *Siku Njema* cha Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili, aliyelelewa Tanga, anafunga safari hadi Kitale kumtafuta babake, naye mwenyewe ndiye anayesimulia. Binti yangu alikimaliza kwa siku mbili, kisha akaniuliza kwa nini alilia ilhali mwandishi hakumwambia alie. Swali hilo pekee lilikuwa somo zima.

Cha nne ni *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikaja 2022. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri ambaye yeye humwita ami, asijue kwamba ametolewa kulipia deni la babake. Humo mna baadhi ya mambo mazito, basi someni pamoja.

Cha tano ni cha Kiingereza, *Does My Head Look Big in This?* cha Randa Abdel-Fattah (2005). Msichana wa Melbourne, Australia, anaamua kuvaa hijabu shuleni. Ni hadithi ya kuchekesha, na mashaka yake ni ya msichana yeyote wa umri ule.

Kusoma ili uandike si sawa na kusoma ili ujiburudishe. Kila kitabu binti yangu hukisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha yake. Mara ya pili ana daftari, na hujibu maswali matatu: Kijana huyu anataka nini? Nini kinamzuia? Uamuzi wa mwisho ni wa nani? Hili la tatu ndilo kubwa. Hadithi ya vijana hupwaya pale mzee anapoingia mwishoni na kutatua kila jambo kwa nasaha.

Najua wapo wanaosema hadithi ni upuuzi. Bibi zetu walitulea kwa ngano, na Qur'ani Tukufu imekiita kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kizuri mno katika visa. La muhimu ni kuchagua. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed (1980) ni riwaya kubwa, lakini Maimuna anaangukia katika danguro. Nilikisoma kwanza mimi, nikaona kingoje mpaka amalize kidato cha nne.

Kununua vyote kwa pamoja si lazima. Kitabu kimoja kwa mwezi chatosha, na akina mama watano wakichangiana, kila nyumba itasoma vitano kwa bei ya kimoja.

Tulipoitazama orodha yetu tuliona upungufu: hakuna hata kimoja ambamo msichana wa pwani yetu, wa umri wake, ndiye mwenye kisa. Jumapili iliyopita alianza hadithi mpya. Inaanzia jikoni kwa bibi yake, na bibi anasema kama asemavyo.

Unakijua kitabu kizuri chenye msichana wa kwetu? Tuletee jina lake, tulitaje ukumbini humu. Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.