Range ya laki nane si dili, wasee. Ni deni lenye viti vya ngozi

Wiki hii mmenitag kwa video moja mara kama ishirini. Kijana wa rika letu amesimama kando ya Range Rover Sport nyeusi, miwani machoni, anasema, "Laki nane tu, buda. Bei ya Vitz." Komenti ni moto mtupu. Kila mtu anauliza iko wapi.

Najua nikisema kitu mtaniita hater. Sawa. Lakini hiyo video mimi nilishaitengeneza kabla yenu, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Kaza wangu, tuliyelelewa naye nyumba moja, alikuwa na Probox. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti, anabebea akina mama mboga mizigo hadi Umoja na Kayole. Mchana anasambaza bidhaa za maduka. Ile Probox haikuwa na sura, taa moja ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa selotepu. Lakini ndiyo ilikuwa inalipa karo ya dada yake na rent ya mathe wao.

Kisha akaona Range Sport ya 2007, dizeli, injini ya 2.7. Akauza Probox laki nne na nusu, chama kikamkopesha laki tatu na nusu. Siku ya kuichukua, kamera nilishika mimi. Ile video ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti. Mimi nikapata views. Yeye akapata bili.

Mwezi wa pili, akaamka akakuta gari imelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Hizi gari hazina springi za chuma kama Probox yako. Zinakaa juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa. Mpira ukizeeka, hewa inavuja. Hewa ikivuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwa hiyo hununui kitu kimoja, unanunua viwili. Kompresa tuliitishwa 55,000, tena iliyotumika. Mifuko miwili ya mbele, 60,000. Baadaye lowa amu na bushi zake, 38,000, kwa sababu gari nzito hivyo ikipigwa na mashimo na matuta ya Nairobi, bushi hazidumu. Halafu handibreki ya umeme ikaanza kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa, 25,000.

Jumla 178,000. Miezi mitano. Na bado hatujafika kwa injini.

Hapa ndipo watu wengi hawaelewi, kwa hivyo soma polepole. Bei ya gari inashuka. Bei ya spea haishuki nayo. Ile kompresa haijui kwamba wewe umenunua gari kwa laki nane. Ilitengenezewa gari ambayo ikiwa mpya ilikuwa ya mamilioni, na wauzaji wa Kirinyaga Road wakisikia tu neno "Range" wanajua waitishe ngapi. Umelipa bei ya Vitz kuingia, lakini ndani unahudumiwa kwa bei ya Range.

Na hata kazi yenyewe ni nyingine. Kuna ukarabati kwa hizi gari, kama kubadilisha turbo, ambapo mafundi wengi wanainua bodi yote kutoka kwa chesisi ndiyo mkono ufike. Bodi nzima, wasee. Fundi wa chini ya mti hana hiyo mashine, na mwenye nayo analipisha kwa masaa.

Injini za dizeli za V6 za hizi gari, 2.7 na 3.0, zina sifa mbaya inayojulikana dunia nzima: kranki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, inaweza kukatika. Haikupigii simu kwanza. Ya kaza wangu ilianza kugonga Jumamosi kwa Thika Road, Jumapili haikuwaka. Injini nyingine iliyotumika pamoja na kazi: 420,000. Zaidi ya nusu ya bei aliyonunulia gari yote.

Hakuwa nazo. Gari ikakaa kwa yadi ya fundi miezi minne, vumbi juu, fundi akidai pesa za kuiweka. Mwishowe ilienda kwa mtu wa kuchinja gari auze vipande, kwa 180,000. Dada yake alikaa nyumbani wiki tatu za muhula wa pili. Deni la chama bado linalipwa, na sasa kaza anaendesha Probox ya mtu mwingine, analeta hesabu jioni.

Najua komenti zinazokuja. Ya kwanza: "Shida ni fundi wenu wa jua kali. Itunze vizuri uone." Ni kweli nusu. Range iliyotunzwa ni gari tamu, inapanda matope ambayo gari yako ya chini haiwezi kuota. Lakini kuitunza vizuri ndiyo hiyo gharama ninayoisema. Aliyeuza kwa laki nane aliona bili inayokuja, akaamua iwe yako.

Ya pili: "Anko wangu ako na ya 2010 na haijawahi kumsumbua." Anko wako ako na gari ya pili, ako na fundi mwenye kompyuta ya kusoma hizo taa za dashibodi, na ako na pesa pembeni. Wewe uko na TikTok na mkopo.

Ya tatu: "Nitachukua ya petroli, V8, hiyo haina stori za kranki." Haya. Tuseme inakupa kilomita tano kwa lita kwa jam. Unaenda tao na kurudi, kilomita 40. Hizo ni lita nane. Kwa shilingi 180 lita, ni 1,440 kwa siku. Siku 22 za kazi, 31,680. Kuna watu wengi hapa ambao hiyo ndiyo salari yao.

Angalia soko pia, kwa sababu soko si jinga. Range Sport ya kwanza iliuzwa kuanzia 2005 hadi 2013. Prado ya umri huohuo mara nyingi inaitishwa pesa zaidi, na ilipokuwa mpya haikuwa na jina kubwa kama Range. Na kwa sheria yetu ya miaka minane, hakuna ya muundo ule inayoweza kuingia tena ikiwa mtumba. Kila unayoiona inauzwa, kuna mwenyewe hapa Kenya anayetaka kuiondoa. Muulize kwa nini. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Sisemi usiwe na ndoto. Mimi niliacha campus, watu wakaniambia nimepotea, siwezi kuja hapa kumfundisha mtu kuogopa. Nasema kabla ya kuuliza bei ya gari, uliza bei ya kompresa, ya injini, na ya siku moja kwa fundi anayeijua. Kama huwezi kuweka pembeni pesa sawa na ulizonunulia, bado huwezi kuimiliki.

Na sisi wa kamera tuache kuigiza. Tunaonyesha siku ya funguo, hatuonyeshi siku ya yadi.

Ile video yangu bado iko. Sijaifuta. Nimebandika komenti moja juu kabisa: bei zote, kutoka kompresa hadi 180,000 ya mwisho. Kaza ndiye aliyeniambia niiandike.