Bustani Yetu: Bogonvilia Iliyozeeka Hukatwa, Haing'olewi

Mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha hapa Rusizi, vumbi la kiangazi hutanda juu ya majani yote kuanzia Kamembe hadi ukingoni mwa Ziwa Kivu, na katika nyumba nyingi za watumishi huzuka mabishano yale yale: ile bogonvilia iliyopanda hadi paani, ing'olewe au iachwe? Baba anataka jembe. Mama anakumbuka maua yake. Watoto hawana neno, ila mpira wao umenaswa humo tangu Pasaka.

Mabishano hayo yalinifika nami nilipohamia nyumba ambayo ua wake haukuguswa na mkasi kwa miaka mingi. Kwa nje ulikuwa kijani. Ndani matawi makavu yalikuwa yamesukana, na dirisha la chumba cha kulala lilikuwa halifunguki. Nilikwisha azima jembe. Kilichonizuia ni mteremko. Nyumba zetu hujengwa ubavuni mwa vilima, na mizizi ya kichaka kile ndiyo iliyoushika udongo juu ya njia. Kuing'oa wiki chache kabla ya mvua za Septemba ni kumpelekea tope jirani anayekaa chini.

Basi nikakata. Mmea huu hauogopi chuma. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliukuta Brazil mwaka 1767, katika safari ya nahodha Bougainville ambaye jina lake umelichukua. Ile rangi tunayoiita ua ni majani tu yaliyobadilika, na hutokea kwenye machipukizi mapya. Kichaka kisichokatwa hupeleka machipukizi hayo juu ya paa, ambako hufurahiwa na ndege peke yao.

Vaeni glavu nene, mikono mirefu na buti kuukuu za kazi. Katika hili familia za askari zimetutangulia. Anzeni na matawi yaliyokufa, myavute kutoka chini, si kutoka juu. Kichaka kikishapata mwanga, chagueni mashina manne au matano yenye afya, mkayakate kwa msumeno kwenye kimo cha goti, juu kidogo ya jicho, kwa mshazari ili maji yateleze. Panga hupasua shina, nalo jeraha lililopasuka huoza. Samadi isubiri hadi majani yatoke, tena iwe kidogo, kwani ikizidi mtapata majani tele bila maua.

Kisha huja sehemu ngumu, nayo ni kungoja. Mwaka ule mvua zilichelewa. Wiki ya tatu mke wa polisi, jirani yangu, alisimama njiani akavitazama visiki. "Mwalimu," akasema, "hapo umeua." Sikuwa na jibu. Usiku nilitoka na tochi nikakwaruza gome kwa ukucha: chini yake palikuwa kijani kibichi. Yeyote mwenye shaka na afanye hivyo kabla ya kushika jembe. Pakiwa pakavu na rangi ya kahawia hadi chini kabisa, hapo ndipo mng'oe. Mvua zilipoanza, vichipukizi vyekundu vilitokea kila upande wa kisiki. Kiangazi kifupi cha Januari kilipofika, maua yalikuwa kwenye kimo cha macho, na dirisha lilifunguka.

Mawaridi yana sharti lake: yaliyopandikizwa msiyakate chini ya fundo la kupandikizia, la sivyo litaota waridi la mwitu. Mnyaa, ule tuuitao umuyenzi, hauna miiba, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huliumiza vibaya.

Matawi yaliyokatwa msiyaache njiani. Mwiba mkavu ni mkali kuliko mbichi, hupenya ndala na gurudumu la baiskeli. Atakayechomwa sana aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aende kituo cha afya kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda. Mimi matawi yangu niliyazungushia miche ya parachichi ili mbuzi wasiifikie. Vipande vinene kama penseli jirani yangu aliviomba mwenyewe, akavichomeka ardhini mwanzoni mwa mvua za Machi. Vitatu vimeshika.