Kupunguzwa kazini si aibu: Tabora inalijua hilo tangu enzi za wapagazi

MWAKA 2025 uliwaacha wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini wakiwa na barua za kusitishiwa ajira mikononi. Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha kwa siku 90 misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje. Ilipofika Julai mosi, shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefikia tamati.

Asasi zilizotegemea fedha hizo zililazimika kupunguza watu. Waliopunguzwa hawakuwa wazembe wala wezi. Uamuzi ulifanyika Washington, na barua ikamfikia mshauri nasaha, dereva au mtunza takwimu ambaye jana yake tu alikuwa akisifiwa kwa uchapakazi.

Pamoja na hayo, wengi wao waliipokea barua hiyo kama watu waliofumaniwa. Wapo wanaoendelea kuvaa nadhifu na kutoka nyumbani kila asubuhi ili majirani wasijue. Wapo wanaokopa ili kulinda hadhi. Wapo wasiopokea simu za marafiki wakihofia swali dogo la kawaida: “Siku hizi upo wapi?”

Hoja ya makala haya ni kwamba aibu hiyo haina msingi, na kwamba ndiyo inayomchelewesha mtu kupata kazi nyingine kuliko uhaba wa kazi wenyewe unavyomchelewesha. Kwa anayetaka ushahidi, mji wa Tabora unao wa kutosha.

Katika Manispaa ya Tabora, kuanzia Chemchem hadi Gongoni, Isevya na Ng’ambo, habari ya kazi kuondoka si ngeni. Kabla ya miradi ya wafadhili kulikuwa na reli, na kabla ya reli kulikuwa na misafara.

Katika karne ya 19 njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Bidhaa zilibebwa mabegani na vichwani mwa watu, na Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30, akatembea miezi mitatu hivi kati ya pwani na Tabora. Haikuwa kazi ya watu wasiojua kitu. Wapagazi walikuwa na viongozi wao wa msafara, walijadiliana juu ya ujira, na walijua kuweka mizigo chini na kugoma walipoonewa.

Kisha mwaka 1912 reli ya Wajerumani ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Treni moja ilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, tena kwa siku chache. Taaluma iliyokuwa fahari ya vijana wa Unyamwezi kwa vizazi kadhaa ikakosa soko kwenye njia hiyo.

Je, walijifungia ndani? Historia inaonyesha vinginevyo. Wengine waliendelea kubeba mizigo katika njia za pembeni ambako reli haikufika. Wengine walishika jembe, wengine biashara, na wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, ambako maisha yalikuwa magumu na ujira mdogo. Hatuna sababu ya kuyapamba mashamba hayo. Lakini ikumbukwe kwamba walikwenda wakiwa makundi, kwa taarifa walizopeana wenyewe kwa wenyewe, kama walivyosafiri enzi za misafara. Hakuna aliyemficha mwenzake kwamba anatafuta kazi.

Reli iliyowanyima wapagazi kazi ikageuka kuwa mwajiri mkubwa wa mji huu, ambao ni njia panda ya kwenda Kigoma na Mwanza. Nayo zamu yake ikafika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la reli likafa nayo. Shirika la Reli Tanzania likachukua mahali pake, lakini madai ya mafao ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya yaliendelea hadi miaka ya 2000, wazee wakiandamana jijini Dar es Salaam huku wenzao wengi wakiwa wameshatangulia mbele ya haki.

Baadaye likaja wimbi la ubinafsishaji. Idadi ya wafanyakazi wa reli ilipunguzwa kwa awamu, na mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51. Ubia huo haukudumu; ndani ya miaka michache hisa zikarudi serikalini, na mwaka 2017 ikatungwa sheria iliyorejesha Shirika la Reli Tanzania.

Kwa hiyo mtu wa Tabora akisema babu yake alipoteza kazi, baba yake akapoteza kazi, naye amepoteza kazi, hajieleze kama ukoo wenye mkosi. Kilichotokea ni kwamba maamuzi makubwa ya uchumi yalifanyika mbali naye. Anayeelewa hivyo hujitua mzigo wa kujilaumu, akabaki na mzigo halisi wa kutafuta riziki.

Hata hivyo, kuelewa peke yake hakutoshi, kwa sababu aliyepunguzwa hupoteza zaidi ya mshahara. Hupoteza pia ratiba. Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichapisha utafiti wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa na kuacha kaya nyingi bila kazi.

Mtu angetarajia kwamba wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Watafiti waliona kinyume chake. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, hata hatua za wanaume barabarani zikawa za polepole, nao wakashindwa kueleza siku ilivyopita. Wanawake, waliobaki na majukumu ya nyumbani, walitembea kwa kasi zaidi. Ari ilififia kwa sababu siku ilikosa mpangilio.

Somo hilo linatufaa hata sisi tunaokutana vijiweni chini ya miembe. Anayetafuta kazi na aihesabu kazi hiyo kuwa ajira: aamke saa ile ile, atenge asubuhi kwa maombi ya kazi na kuonana na watu, mchana kwa kibarua au kujifunza, jioni kwa familia. Asipime siku kwa majibu aliyopata, maana majibu hayamo mikononi mwake. Aipime kwa hatua alizopiga mwenyewe: barua mbili zilizotumwa, mtu mmoja aliyeonana naye.

Lakini kabla ya ratiba kuna haki, na haki zina muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka au kupunguza hatua hiyo. Anayeamini ameachishwa isivyo halali anapaswa kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ndani ya siku 30. Wengi hupitwa na siku hizo wakiwa bado wanaona haya kumwonyesha mtu barua.

Vilevile, sheria inatoa haki ya cheti cha utumishi. Karatasi hiyo isiachwe ofisini kwa hasira, kwani mwajiri mpya ataiulizia.

Kuhusu fedha, msomaji na atazame hesabu bila kujidanganya. Kiinua mgongo cha kisheria, kwa kiwango cha chini, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Maana yake aliyetumikia miaka 20 anaweza kupata siku 70 tu, takriban mshahara wa miezi mitatu, isipokuwa mkataba wake unampa zaidi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018, mifuko ya hifadhi ya jamii ina fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa mwanachama mwenye sifa aliyechangia angalau miezi 18.

Hizo si fedha za kununulia pikipiki mwezi wa kwanza ili mtaa uone kwamba mambo bado ni mazuri. Ni fedha za kununua muda. Zikae mezani pamoja na mwenza na watoto wakubwa, kila mmoja ajue zitafika lini na zitakwisha lini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Baada ya hapo ndipo mtu autaje ujuzi wake kwa jina lake, badala ya kutaja cheo alichopoteza. Aliyekuwa mtunza takwimu wa mradi anajua kutunza kumbukumbu, na chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku au wafuga nyuki nacho kinahitaji kumbukumbu. Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti anaweza kurasimisha ujuzi wake kupitia VETA. Mikataba ya ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kisha Isaka na Kigoma, ilisainiwa mwaka 2021 na 2022, nayo inahitaji zaidi ya wahandisi. Ila ajira za ujenzi zina mwisho, hivyo anayezipata asiache kutafuta. Na yeyote anayedai fedha ili kumpa mtu nafasi ya usaili, huyo ni tapeli.

Ni dhahiri pia kwamba nasaha hazitoshi pale mwajiri anapotoa taarifa ya ghafla au serikali inapochelewesha mafao. Kumwambia mtu ajipe moyo huku haki yake ikikaa kwenye jalada ni kumkejeli. Wazee wa Jumuiya walingoja miongo; kizazi hiki hakistahili kungoja hivyo. Vyama vya wafanyakazi navyo vijitokeze wakati wa mashauriano, visisubiri siku ya kuaga.

Kwa upande wake, aliyepunguzwa aanze na jambo dogo lisilo na gharama: awataarifu watu kumi anaowaamini kwamba hana kazi, anaweza kufanya nini, na anapatikana wapi. Katika mji kama Tabora, nafasi nyingi hujulikana kwa maneno ya watu kabla hazijabandikwa ukutani, na hakuna atakayemtaja mtu anayedhaniwa bado yuko kazini.