Uhuru wa Nani? Dhidi ya Imani Kwamba MIT ni Huru Kuliko GPL

Miongoni mwa wanaprogramu kuna imani iliyokita mizizi kiasi kwamba wengi hawaoni haja ya kuitetea: leseni za MIT, BSD na Apache ndizo huru kweli kweli, na GPL ni huru nusu kwa sababu ina masharti. Kijana anayefungua mradi mpya GitHub huweka MIT bila hata kuisoma. Hesabu yake ni nyepesi: masharti machache, uhuru mwingi. Naipinga hesabu hiyo kwa kuwa inamtazama mtu mmoja tu, yule anayeuchukua msimbo akatengenezee bidhaa. Haimtazami anayeinunua bidhaa hiyo, wala fundi atakayeletewa kifaa kilichotelekezwa na kiwanda chake, wala mwanafunzi anayetaka kuona programu inavyofanya kazi ndani.

Leseni legevu za aina ya MIT zinakuruhusu kuuchukua msimbo, kuubadili, kuufungia ndani ya bidhaa yako na kuuza bila kumwonyesha mtu hata mstari mmoja, mradi tu ulibakishe tangazo la hakimiliki la mwandishi pamoja na maandishi ya leseni. Leseni za kopilefti, ambazo mama yao ni GPL, zinakupa ruhusa ya kutumia, kubadili na kuuza kwa bei uitakayo. Zinachodai ni kimoja: ukimpa mtu programu hiyo au iliyotokana nayo, umpatie na msimbo wake, pamoja na haki zile zile ulizopewa wewe.

Ipo mifumo endeshi miwili ambayo historia zake zimefungamana, nayo inaonyesha tofauti hii vizuri kuliko mjadala wowote. Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alitoa MINIX mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa akiitumia MINIX alipoanza kuandika Linux mwaka 1991. Mwaka uliofuata akaiweka Linux chini ya GPL. MINIX yenyewe ilipewa leseni ya BSD mwaka 2000.

Mwaka 2017 ikajulikana hadharani kwamba Intel imeiweka MINIX ndani ya Management Engine, kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chipu zake, inayoendelea kufanya kazi hata mashine ikiwa imezimwa, almuradi umeme unaifikia. Tanenbaum akaiandikia Intel barua ya wazi. Alieleza kwamba wahandisi wa kampuni hiyo waliwahi kumuuliza maswali ya kiufundi na kumwomba mabadiliko, kisha wakanyamaza, naye habari kamili akaisoma kwenye vyombo vya habari. Alisema ingekuwa uungwana kumwarifu. Hata hivyo aliendelea kuitetea BSD, na ni haki yake, kazi ni yake. Mimi nawafikiria wenye kompyuta hizo. Wamenunua mashine zenye kompyuta ya siri inayoendeshwa na mfumo ulioandikwa ili watu wajifunze, na hawawezi kuusoma wala kuubadili. Intel ilipata uhuru wote. Mwenye kompyuta hakupata hata chembe.

Sasa tazama yaliyotokea upande wa Linux. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ya nyumbani iitwayo WRT54G. Mwaka 2003, mwaka ule ule Cisco ilipoinunua Linksys, wajuzi wa Linux waligundua kwamba ndani ya ruta hiyo mna Linux na programu nyingine za GPL, ilhali msimbo wake haujatolewa. Wakaudai. Kampuni haikuwa na pa kukwepea, kwa sababu asiyetaka masharti ya GPL hana ruhusa nyingine yoyote ya kusambaza kazi ya watu. Msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo endeshi wa ruta uliojengwa juu yake. Kifaa cha bei nafuu kikaanza kufanya kazi za vifaa vya gharama kubwa: kugawa mtandao kwa zamu ili mtumiaji mmoja asiwameze wenzake, kuunganisha ruta kadhaa ziwe mtandao mmoja, kulinda mawasiliano. Linksys ilipoleta toleo jipya mwaka 2005 iliweka mfumo mwingine uliofungwa na kupunguza kumbukumbu, lakini ikaona yenyewe kwamba soko la Linux lipo, ikaleta pia WRT54GL yenye Linux. Hiyo ikauzwa miaka mingi. OpenWrt ingali hai, na inaendelea kuzipa masasisho ya usalama ruta ambazo viwanda vyake vimeshazisahau.

Laiti Linux ingekuwa chini ya BSD, hakuna kati ya hayo ambalo lingedaiwa. Kampuni ingekataa, na ingekuwa na haki.

Wanaoichukia GPL wanasema inaambukiza. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Maneno hayo yamefutwa na historia, na Microsoft yenyewe mwaka 2009 ilichangia maelfu ya mistari ya msimbo kwenye Linux chini ya GPL, lakini hofu aliyoipanda imebaki. Basi na ielezwe wazi. Ukitumia programu ya GPL ofisini, hudaiwi kitu. Ukiibadili kwa matumizi yako ya ndani, hudaiwi kitu. Picha uliyoihariri kwa GIMP, programu ya picha iliyo chini ya GPL, ni mali yako. Wajibu unaanza pale unapompa mtu mwingine programu yenyewe. Na anayesema kopilefti haileti pesa aeleze kwa nini IBM ililipa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, kampuni iliyojijenga juu ya Linux.

Watu wa pwani wanalielewa jambo hili bila kuelezwa sana, kwa sababu wana wakfu. Mwenye shamba au nyumba Lamu, Mombasa au Unguja hutumia umiliki wake kwa mara ya mwisho kuweka sharti: mali hii haiuzwi, hairithiwi, na faida yake iende msikitini au kwa maskini. Sharti hilo halimnyimi haki anayenufaika, ndilo linaloifanya haki yake idumu baada ya mtoaji kufa. Anayenyimwa ni yule aliyetaka kuizungushia ua. Richard Stallman alifanya vivyo hivyo alipoandika GPL ya kwanza mwaka 1989: aliichukua hakimiliki, sheria iliyotungwa ili kuzuia, akaitumia kuzuia uzuiaji.

Sisemi leseni legevu hazina mahali pake. Mwaka 2001 Stallman mwenyewe aliunga mkono maktaba za Vorbis kuwekwa chini ya BSD, kwa kuwa lengo lilikuwa kuueneza mpangilio huria wa sauti badala ya MP3 iliyokuwa imefungwa na hataza. Hiyo ni hoja ya mkakati, imepimwa na ina sababu. Haihusiani na kijana anayeweka MIT kwa mazoea.

Ushahidi wa karibuni zaidi unatoka kwa waliochagua ulegevu wakajuta. Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data, ilikuwa chini ya Apache; Redis, programu ya kuhifadhi data, chini ya BSD. Kampuni za huduma za wingu, Amazon ikiwa mbele, zikazichukua na kuziuza kama huduma zao. Wenye miradi wakalalamika kwamba wanatumiwa bure, ingawa ruhusa hiyo waliitoa wenyewe kwa maandishi. Elastic, kampuni yenye Elasticsearch, ikaacha Apache mwaka 2021, Redis ikaacha BSD mwaka 2024, zote zikakimbilia leseni zenye vizuizi ambazo si za chanzo huria. Watumiaji wakagawanyika, zikazaliwa nakala zilizojitenga, OpenSearch kutoka Elasticsearch na Valkey kutoka Redis. Kisha Elastic mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 zikaongeza AGPL, leseni ya kopilefti iliyokuwapo tangu 2007, inayomtaka anayeibadili programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni awape watumiaji wake msimbo. Wangeanza nayo, hawangelazimika kuvunja imani ya waliowaamini.

Huku kwetu yupo aliyeliona hilo. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi na likatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, liko chini ya AGPL. Popote litakapopelekwa na kuboreshwa, wanaolitumia wana haki ya kuona kilichobadilishwa.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi pale pesa za umma zinapohusika. Wizara au halmashauri inayolipia mfumo wa hospitali au wa kukusanya ushuru iandike AGPL ndani ya mkataba kabla ya kusaini. Mkandarasi akipandisha bei au akifunga ofisi, kampuni nyingine ya Kisumu au Dodoma iweze kuufungua msimbo ule ule Jumatatu asubuhi na kuendelea na kazi.