Ukumbi wenye Sakafu ya Mchanga

Wafadhili wanapoijengea shule ukumbi wa ngoma, siku ya ufunguzi huwa ni hotuba, utepe na soda. Sisi twauliza: wageni wakiisha kuondoka, ni nani atakayeutunza?

Bibi Germaine Acogny wa Senegali analijua swali hilo. Mwaka 1977 alikabidhiwa uongozi wa Mudra Afrique, shule ya ngoma mjini Dakar, iliyoasisiwa na Rais Senghor pamoja na Mfaransa Maurice Béjart. Senghor aliacha madaraka mwisho wa mwaka 1980. Haikupita miaka mingi fedha zikakauka, shule ikafungwa.

Mwaka 1998 yeye na mumewe, Helmut Vogt, wakaanzisha École des Sables, yaani Shule ya Mchanga, katika kijiji cha wavuvi cha Toubab Dialaw. Misaada ya ng'ambo waliipokea, ila nao walihamia papo hapo. Ukumbi mmoja waliuita Aloopho, jina la nyanya yake Bibi Acogny, na sakafu yake ni mchanga mtupu. Askari aliyepigishwa kwata ufukweni ataelewa: mguu huzama, goti hufanya kazi maradufu. (Mama nyumbani atacheka: hakuna kupiga deki, na mchanga ukipungua bahari iko jirani.)

Mwaka 2020 wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa wakifanya mazoezi hapo ya mchezo wa Pina Bausch. Korona ilipovunja safari zao, wakatoka ukumbini, wakaucheza ufukweni jua likitua.